Nyuzi Tano

Saa kumi na moja alfajiri, Pakwach bado imejifunika,
nalifunga kasha la chanjo kwenye keria
kwa tyubu kuukuu, mizunguko minne, fundo,
fundo juu ya fundo.
Ndani mna barafu nne, chupa ndogo za surua,
na kipimajoto chenye macho ya karani:
nyuzi tano, kinasema. Nyuzi tano.
Kitabu kinaitaka nambari hiyo asubuhi na jioni.
Mimi hakuna kitabu kinachoniuliza.

Onegiu fundi, kabla ya kujaza upepo tairi la nyuma,
huzitikisa chupa zangu karibu na sikio.
"Hii maji. Na hii?"
Ukwaju, namwambia, sukari,
na chumvi ya kufinywa kwa vidole viwili.
"Unywe kabla koo halijakuita.
Kiu ni mgeni anayepiga hodi akiwa ameshakaa."
Yeye alijifunza kwa gharama: mwaka wa mashindano
alianguka mita mia kabla ya utepe,
na chupa yake kamili, haijaguswa,
anaiweka ya mwisho.

Saa tatu jua limepanda,
na mvua ya jana inapanda pamoja nalo.
Hewa imeshiba. Natoa jasho, hewa hailitaki;
linabaki juu yangu kama mdai mlangoni,
linahamia kwapani, kiunoni, ndani ya viatu,
halikauki, halipozi.
Dada yangu aliyeolewa Moroto anasema
kule jasho hufanya kazi yake likaenda zake.
Huku linakula mshahara bure.

Kushoto, nyuma ya matete, Nile:
maji mengi kiasi cha kuniudhi.
Sishuki hata kunawa.
Kichocho cha humo nimekihesabu mwenyewe,
kichupa kwa kichupa, mkojo wa darasa la nne.
Nalowesha leso kwa maji ya nyumbani, naifunga shingoni,
nahesabu nguzo za umeme,
kila ya arobaini mafunda mawili, nitake nisitake.
Gia sina. Gia yangu ni kutokuwa na haraka.
Pasipo na watu nafungua vifungo viwili vya juu;
nikiona watu, navifunga.

Baada ya daraja vinyweleo vya mikono vikasimama.
Baridi, saa tano mchana!
Naijua baridi hiyo, si ya kuifurahia.
Nikashuka, miguu si yangu,
nikakaa chini ya ukuta wa duka lililofungwa,
nikanywa ukwaju kidogo kidogo,
chumvi ikanirudishia ulimi.
Kasha lilinitazama.
Barafu nne, unene wa kifuniko tu katikati yetu.
Mkono wangu ulifika kwenye kifuniko.
Ulifika, sifichi.
Ukarudi.
Nyuzi tano, bila shaka kilikuwa kikisema humo ndani,
kwa sauti ya mtu aliyekaa mbele ya feni.

Panyimur walikuwa wamepanga foleni kivulini mwa darasa,
akina mama thelathini na mmoja,
na ukuta ukizidi kula kivuli, foleni ikijibana.
Nilichoma paja baada ya paja.
Wa mwisho, Pirwoth, miezi tisa,
alilia kama aliyeibiwa ng'ombe.
Barafu zilikuwa nusu maji, kasha wazi, kazi imekwisha.
Mama yake alimbembeleza, akaniangalia mimi,
akaniangalia tena.
"Sista, wewe umeiva," akasema,
na bila kuomba ruhusa akachukua barafu moja
akanibandika kisogoni.

Sikusema kitu.
Tone la kwanza lilishuka mgongoni,
pingili kwa pingili, bila haraka, kama linahesabu.

Jioni niliandika kwenye kitabu: kasha, nyuzi saba.
Pembeni, kwa penseli, pasipo na safu:
mwendeshaji, amepoa.